Kwa Nini Fundi Umeme Afe Dakika ya Thelathini na Moja?

Kwa Mtunzi wa Filamu za Ile Nyumba Yenye Laana,
Sehemu ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu.

Ndugu Mtunzi,

YAH: KUULIWA KWA MAFUNDI UMEME BILA SABABU YA MSINGI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, tena umekaa mahali penye mwanga wa kutosha. Mimi ni fundi umeme, mwaka wa kumi na tisa huu. Si kawaida yangu kumwandikia mtu asiyenijua, na mke wangu amenishauri niache, lakini maji yamenifika shingoni.

Jambo lenyewe ni hili. Mama mkwe wangu anaishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nyaya za darini humo zimenizidi umri mimi. Taa ya korido inawaka na kuzimika yenyewe, na soketi ya sebuleni imeota weusi kama kitako cha sufuria. Ndugu Mtunzi, nyumba ile itaungua. Sisemi huenda. Nasema itaungua, na mama yumo ndani. Nimeomba kupanda darini mara sita, na mara zote sita amekataa kwa sababu yako wewe.

Tangu magoti yaanze kumsumbua, mama amekuwa mpenzi wa filamu zako. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana anafunga mapazia, anaweka mojawapo ya zile tatu, kisha anatazama kama mtu anayesomea mtihani. Na mtihani ameshafaulu. Anajua kwamba taa ikicheza, nyumba ina laana, na kwamba fundi akipanda darini hashuki kwa ngazi.

Kwa heshima zote, basi, nawasilisha malalamiko yangu.

1. Kuhusu taa. Katika filamu zote tatu taa inaanza kucheza dakika ya kumi na mbili. Baba anawafokea watoto, mama anashika kifua, jirani anakumbuka mambo ya zamani. Hakuna hata mmoja anayetafuta testa ya kupimia umeme! Taa ikiwaka na kuzimika, mara tisa kati ya kumi ni waya wa nyutro umelegea, na mara ya kumi ni balbu. Miaka yote hii sijakuta marehemu hata mmoja ndani ya swichi. Nimekuta mijusi.

2. Kuhusu fundi mwenyewe. Anaitwa kwa kuchelewa, dakika ya ishirini na tisa. Hana mke, hana historia, hapewi hata kikombe cha chai. Anasema, "Hii kazi ndogo," anapanda peke yake, na dakika ya thelathini na moja ni maiti. Sehemu ya kwanza alikufa kwa shoti. Ya pili ngazi iliteleza. Ya tatu akavutwa na kitu kisichoonekana, kikabaki kiatu. Nilisimamisha picha nikakitazama kiatu hicho: soli ya ngozi! Fundi gani anakwenda kazini na soli ya ngozi? Tena swichi kuu hakuizima. Huyo hakuuawa na laana, kaponzwa na uzembe wake, na laana imesingiziwa. Kinachonikera zaidi ni kwamba hakuna anayekwenda kumzika. Dakika ya thelathini na tatu wenye nyumba wako maktaba.

3. Kuhusu maktaba. Wanafunua magazeti makuukuu mpaka wanampata bibi mmoja anayejua kila kitu na aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sawa, nakubali. Lakini mkuu naye aseme mapema. Bibi huyo angefungua kinywa dakika ya tano, watu wanne wangekuwa hai, na mmoja wao fundi.

4. Hili ndilo zito. Kile kitu kilicholaaniwa kinachomwa moto, majivu yanazikwa, jua linachomoza, familia inakaa barazani kunywa chai. Nami napumua. Kisha mkono unatoka ardhini. Ndugu Mtunzi, wahenga walituambia hakuna marefu yasiyo na ncha. Hata mwizi kapewa siku zake arobaini. Laana yako haina ncha, haina arobaini, haina adabu. Mimi nikimwambia mteja kazi imekwisha na taa ikacheza tena, narudi siku hiyohiyo na kuomba radhi. Laana yako inarudi na haiombi radhi kwa mtu.

Nilijaribu kumwonyesha mama faida ya kuishia penye chai. Jumapili moja, walipoinua vikombe tu, nikazima, nikasema, "Haya, mambo yamekwisha, wamepona." Mama akauliza ule mstari wa chini ya skrini ulikuwa umefika wapi. Kisha akajijibu mwenyewe: "Zilikuwa zimebaki dakika nne, Fundi. Magoti yangu ndiyo mabovu, macho mazima. Washa."

5. Kuhusu urithi. Katika sehemu ya pili laana inamwangukia shangazi aliyekuja msibani tu, na chakula chenyewe hakula. Katika ya tatu inamwangukia mtu aliyenunua kabati. Kwa mwendo huu, nimepiga hesabu, ikifika sehemu ya tisa kila raia atakuwa nayo na hatabaki mtu wa kumwogopesha mwenzake. Hiyo si laana tena, ni mafua.

6. Umemharibu mama kwa mantiki. Nilimkalisha nikamweleza taratibu: kama laana haikwepeki, basi nipande nisipande ni mamoja, kwa hiyo niruhusu nipande. Alifikiri kidogo, akasema, "Kama haikwepeki, basi haina haraka. Kaa unywe chai." Nilikunywa chai huku nikisikia ile soketi ikinguruma nyuma ya kochi.

Sasa nikuambie linaloniuma, maana barua ndefu bila ukweli ni karatasi tu. Huu ni mwaka wa kumi na moja nimemwoa binti yake, na mama hajawahi kuniita jina lolote ila Fundi, kama mtu aliyekuja kutengeneza kitu akasahau kuondoka. Wiki ya harusi yetu alimwuliza binti yake, nami nikiwa chumba cha pili, kama walimu wote walikuwa wameisha. Kwa hiyo anaponikataza dari, mimi nasikia kwamba haamini mkono wangu. Mke wangu anasema sijamwelewa mama yake. Huenda. Ila nikilala namwona mle ndani na nyaya zile, na nimechoka kubishana na filamu.

Kwa hayo yote, naomba sehemu ya nne iwe hivi: taa icheze dakika ya kumi na mbili, fundi aitwe dakika ya kumi na tatu. Aje na viatu vya mpira. Azime swichi kuu, akaze skrubu, awashe, taa itulie, watu wale chakula, mwisho. Najua filamu itakuwa ya dakika ishirini. Muda uliobaki fundi anaweza kueleza faida za waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, jambo ambalo nalo lina msisimko wake kwa anayelifuatilia. Na kama laana ni lazima iwepo, basi itoe notisi ya maandishi siku thelathini kabla, ionyeshe ofisi ya kukatia rufaa, na ianze na mtu ambaye kazi yake si ya kupanda ngazi.

Nisalimie waigizaji wako wote, walio hai na waliokufa kwenye filamu, hasa yule fundi wa sehemu ya pili. Mwambie bisibisi aliishika vizuri, kosa halikuwa lake. Salamu pia kwa mpiga picha, kwa wapaka damu, na kwa mama yako mzazi, ambaye sijui anapataje usingizi.

Ni mimi niliye tayari kukupa ushauri wa kiufundi bila malipo,

Fundi umeme,
mkwe wa mtazamaji wako mwaminifu.

Nyongeza: Barua hii ilikaa wiki nzima mfukoni mwa koti la kazi, na katika wiki hiyo mambo yamebadilika. Tafadhali usitekeleze hata moja kati ya niliyoandika hapo juu.

Jumamosi mama alituita. Alisema amezitazama tena zote tatu, akiandika pembeni, na amegundua kwamba kila fundi aliyekufa alikuwa amepanda peke yake. Kwa hiyo naruhusiwa kupanda, kwa sharti kwamba ngazi ataishika yeye. Nikamwambia magoti yake hayataweza. Akasema magoti ni yake.

Nilizima swichi kuu saa nne asubuhi nikapanda na tochi. Chini yangu mama alikuwa ameikumbatia ngazi kwa mikono miwili, yeye ambaye hata mgeni rasmi akiingia humsalimia akiwa amekaa. Kila baada ya dakika chache aliita, "Mwanangu, upo?" Nami nikajibu, "Nipo, mama." Mara ya kwanza aliponiita hivyo nilidondosha koleo. Mke wangu alileta kiti, mama akakikataa, akasema kwenye sehemu ya pili aliyekaa ndiye aliyechelewa kuidaka ngazi.

Nyaya mbovu za upande wa korido na sebule nimezitoa zote, soketi nimebadilisha, na korido sasa imetulia. Kazi yenyewe ilikuwa ya saa moja na nusu. Nilishuka saa nane mchana. Saa zile nyingine nilikuwa nakaza skrubu ambazo zilikwisha kukazwa, namsikiliza.

Kwa hiyo, Ndugu Mtunzi, katika sehemu ya nne naomba fundi afe tena, na ikiwezekana afe vibaya zaidi. Bado jiko na vyumba viwili sijavigusa.