Kundi la Mengineyo

Inatangazwa kwa umma wote, pamoja na wale wasiopenda kutangaziwa, kwamba kuanzia Jumatatu ijayo ubishi umefutwa katika mji huu.

Ndivyo lilivyosomeka bango lililobandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa manispaa, juu kidogo ya kufuli jipya. Aliyelitia saini ni Mkurugenzi wa Maelewano ya Umma, mtu makini, mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyeamini kwa moyo mmoja kwamba watu wakikosa wa kubishana naye watapata muda wa kuendelea.

Sababu yenyewe ilikuwa nzito. Kila mwezi wananchi walikutana ukumbini humo kumhoji Meya, na katika mkutano wa mwisho kinyozi mmoja alisimama na chupa ya maji ya bomba yenye rangi ya chai, akamwomba Meya aonje. Mtaani walimwita Ngoja-Kwanza, kwa kuwa hakujua kuanza sentensi kwa maneno mengine. Kwa bahati mbaya alikuwa pia shemeji yake Mkurugenzi, kaka wa mkewe, tumbo moja.

"Ngoja kwanza, Mheshimiwa," alisema siku hiyo. "Si umesema ni safi? Basi piga funda moja tu, na sisi tufuate."

Meya hakupiga funda. Kesho yake alimwita Mkurugenzi ofisini, akamwambia mji unahitaji amani.

"Amani ya namna gani, Mheshimiwa?"

"Ile ambayo mimi siulizwi."

Mkurugenzi alijifungia na kuchapa kazi mpaka macho yakawa mekundu. Alipotoka, manispaa ilikuwa na mtandao wake wa kijamii. Kila mwananchi aliingia kwa simu, na mtambo ukawa unasoma anachokipenda na kinachomkera, kisha unampeleka kwenye kundi la watu wanaofikiri sawasawa na yeye. Walioona maji ni safi wakawekwa pamoja. Walioona ni machafu wakawekwa pamoja, mbali na wenzao. Walioamini kwamba maji yanachafuliwa makusudi na mji wa jirani wakapewa kundi lao, na haikuchukua wiki wakawa na picha za jirani huyo akichafua. Kila kundi lilisoma habari zake peke yake. Mwenye duka na mpangaji wake, waliotenganishwa na ukuta mmoja, wakawa wanaishi katika miji miwili, na kila mmoja alimwonea mwenzake huruma kwa ujinga wake.

Matokeo yalikuwa mazuri kupita matarajio. Kila kundi lilipoulizwa maoni, maelewano yalifika asilimia mia, hata swali lilipokuwa halijakamilika. Meya mwenyewe aliwekwa na watu wanaomkubali, wengi wao waajiriwa wake. Akiandika "habari za asubuhi", anapongezwa kwa maono. Akanenepa.

Ilibaki kasoro ndogo ya kiufundi. Kuna watu mtambo ulishindwa kuwapanga. Mke wa Mkurugenzi, mkunga wa zahanati, aliandika kwamba maji ni machafu kweli, ila bomba lilioza tangu enzi za meya aliyepita, kwa hiyo lawama zigawanywe, na hata wananchi wanaotupa taka kwenye chanzo wapewe fungu lao. Mtambo ukazima. Ulipowashwa tena, Ngoja-Kwanza alikuwa ameshauliza swali, ukazima tena. Watu wa aina hiyo Mkurugenzi aliwakusanya kama makombo, akawatia kwenye kundi moja aliloliita Mengineyo, akawasahau.

Kazini aliwasahau. Nyumbani haikuwezekana. Jioni moja walikuwa mezani, na mkewe anacheka peke yake na simu mpaka mchuzi unapoa.

"Kuna nini, mama watoto?"

"Kaka anasema bomba jipya lianzie sokoni. Mwenye mashine ya kusaga anasema lianzie kwenye chanzo. Nimewaambia wote wawili vichwa vyao vimejaa pamba."

"Wakasemaje?"

"Mwenye mashine amenielewa nusu. Mimi nami kanigeuza kidogo kwenye suala la gharama. Kaka bado namalizana naye." Akaweka simu chini. "Na huko kwenu mnazungumza nini?"

Mkurugenzi alitazama simu yake. Asubuhi aliandika kwamba jino linamuuma. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wameliunga mkono jino.

"Tunaelewana," akajibu.

"Poleni."

Mkurugenzi akamaliza kula. Alijihisi ana kitu kama wivu, lakini kwa mtu wa cheo chake akaona ni busara kukiita uchovu.

Uchaguzi ukafika. Kila kundi lilikuwa na uhakika limeshashinda, kwa maana hapakuwa na mtu aliyewahi kukutana na mpinzani hata mmoja. Siku ya kura watu wakabaki nyumbani wakipongezana. Kundi la Meya liliafikiana kwamba kupanga foleni ni kumtilia shaka Mheshimiwa. Meya naye hakwenda. Waliomzunguka walimhakikishia kwamba kura yake itakuwa ni kujaza tu.

Mkurugenzi alizunguka kukagua vituo. Kila alipofika alikuta wasimamizi wanasinzia, mashavu juu ya masanduku. Ni kwenye shule ya msingi peke yake alikokuta foleni, na kelele zake zilisikika tangu barabarani. Mengineyo walikuwepo wote, wanabishana mpaka mlangoni iwapo mgombea wao anafaa. Mgombea wao alikuwa Ngoja-Kwanza. Aliyempendekeza ni dada yake, ambaye hata hapo foleni alikuwa akieleza kwa sauti kwamba kaka yake ana kiburi na hesabu hajui, ila anasikia akiambiwa.

"Shemeji," kinyozi akamwita. "Umekuja kupiga kura?"

"Nimekuja kukagua."

"Ngoja kwanza. Ukikagua, mkono unakufa?"

Mkurugenzi akachomoa kalamu moja, akaandika kwamba foleni ipo. Ilikuwa miezi tangu mtu amuulize jambo linaloweza kujibiwa kwa namna mbili. Akaondoka bila kupiga kura, lakini njia nzima alikuwa akimjibu shemeji yake kichwani, na kila jibu lilikuwa na pancha.

Ngoja-Kwanza alishinda, ingawa baadhi ya Mengineyo walimnyima kura kwa sababu za msingi. Meya alipata kura nne, ambazo mpaka leo wenyewe hawajajitokeza.

Siku ya kuapishwa, Mkurugenzi alipanda ofisini. Meya alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba ya ushindi, suti mpya, simu mezani inatetemeka kwa pongezi.

"Mheshimiwa, tumeshindwa."

"Andika kundini," Meya alisema bila kuinua macho. "Mtu akiniambia kwa mdomo naona kama ananibishia."

Mkurugenzi akaandika. Mtambo wake ulifanya kazi vizuri sana, kama alivyouunda. Ujumbe ukafutwa kabla haujasomwa, naye akatolewa kundini na kuhamishiwa Mengineyo.

"Karibu, baba watoto," mkewe aliandika. "Toa hoja."

Aliketi kwenye ngazi nje ya mlango, akatoa hoja. Watu watatu wakaipinga palepale, mmoja kwa matusi. Mkurugenzi akavua koti, akalaza kalamu zake tatu kando, akaanza kuwajibu mmoja mmoja, na lile jino akalisahau kabisa.

Chini uani, kinyozi alikuwa akila kiapo. Makofi yalipopanda mpaka dirishani, Meya alikuwa amefika ukurasa wa pili wa hotuba. Akanyamaza, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akasubiri wamalize kumshangilia.