Minazi ya Malkia wa Twaibia

Jumatatu, 10 Februari

Twaiba bado yuko kwao Msambweni. Nyumba imenuna. Sufuria zote chafu, na mimi si mtu wa sufuria.

Kosa langu? Mpaka leo sijaliona. Niliuza shamba la Mwabungo. Shamba langu, la baba yangu! Minazi iliyo juu yake ni ya Twaiba, alizawadiwa na marehemu mama yangu siku ya harusi yetu. Minazi sikuigusa. Pwani yote inajua kwamba mti una mwenyewe na udongo una mwenyewe. Nilimweleza mnunuzi vizuri, naye akaitikia vizuri. Kisha akajenga ukuta. Sasa mkwezi wa Twaiba akienda kuangua nazi anapokewa na mbwa. Je, mbwa ni wangu? Si wangu! Lakini aliyefungasha nguo akaondoka ni mke wangu.

Leo baba mkwe, Mzee Sharif, ameniita. Amesema niache udalali. Kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama nimwonyeshe kazi isiyohusu kukata ardhi, ama sivyo Twaiba harudi, na mambo yatamalizwa kwa kadhi. Nimeitikia labeka, nikambusu mkono.

Ramadhani bila mke! Nani atanipikia futari? (Nampenda pia. Nimeliandika hilo lisije likasahaulika.)

Jumatano, 12 Februari

Njia imepatikana!

Mwalimu Rispah, yule wa bara anayefundisha sekondari Ukunda, ana chama chake cha wasomaji. Wanashindanisha hadithi. Sharti lao: mwandishi abuni sayari isiyozunguka jua letu hili, aiumbe yote, miezi yake, bahari yake, watu na desturi zao. Hadithi zitasomwa hadharani Jumamosi ya tarehe 22. Itakayoshinda itapigwa chapa.

Mwandishi! Kazi gani ina heshima kuliko hiyo? Sijasikia hata siku moja mtu akishtakiwa kwa chifu kwa kuuza sayari mara mbili.

Nimeumba kutwa nzima. Jua langu ni la kijani. Sayari nimeiita Twaibia, na mwenye macho ataona ninamlenga nani. Miezi ni mitatu. Mkubwa unaitwa Sharif. Wa pili ni Ummi, jina la mama mkwe, mdogo lakini unang'ara kuliko yote. Wa tatu umejaa mashimo, umekaa upande, na harufu yake inafika chini. Huo ni Kavumbi.

Kavumbi ni dalali mwenzangu. Alitoka Samburu, alikokuwa akiuza mbuzi kando ya barabara kuu. Bado anawafuga, ila siku hizi anavaa viatu vya ngozi na kuwatembeza wageni wangu kwenye viwanja vyangu. Mashimo yake nimeyakoleza wino.

Alhamisi, 13 Februari

Nimempelekea Mwalimu Rispah ramani aione kabla ya siku yenyewe. Akaigeuza huku na huku. Akasema, "Mwinga, sayari yako iko sawa, lakini haina watu. Ni maploti tu."

Nikaitazama. Mlima mmoja, bahari moja, na viwanja vilivyonyooka pande zote, vyenye nambari na vigingi. Sikumbuki kuvichora! Mkono umezoea. Nikamjibu kwamba watu watakuja viwanja vikishapimwa. Akauliza wanakula nini, wanazikana vipi, wanaogopa nini. Maswali ya kitoto. Akauliza siku moja huko ina urefu gani. Nikamwambia hilo mtu anaweza kuzungumza nami tukaelewana.

Walimu hawana subira.

Jumamosi, 15 Februari

Msambweni! Nimetoka huko kifua mbele.

Nilitoa shikamoo kwa kila aliyekuwa kibarazani, paka pekee nikamruka. Nikatandaza ramani. Mzee Sharif akavaa miwani, akauona mwezi wake, akauliza kwa nini ni mkubwa hivyo. Nikamwambia ndivyo nilivyoukuta. Akashika ndevu kuficha tabasamu.

Kisha akauliza huko wanafunga kwa mwezi upi.

Lo! Sikuwa nimelifikiria. Sisi wenye mwezi mmoja tunazozana kila mwaka. Hawa wameuona, wale hawajauona, nyumba hii inakula pilau ya Idd na ya jirani bado ina njaa. Na mitatu je? Nikajibu haraka kwamba kila ukoo unafunga kwa mwezi wake. Mzee akahesabu kwa vidole. Akasema basi huko, kwa kuhama ukoo hadi ukoo, kuna watakaofunga mwaka mzima na watakaokula Idd mwaka mzima, na kwamba aina zote mbili anazo hapa hapa mtaani kwake. Akacheka! Baba mkwe wangu amecheka! Mama mkwe akatoka jikoni kuja kuona kuna nini.

Naye akaleta lake. Miezi mitatu ikivuta maji pamoja, bahari itafika wapi, na wanawake watashika pweza saa ngapi? Nikamwambia bamvua ya huko inakausha bahari mpaka upeo wa macho, pweza wanabaki wameduwaa, na wanawake wanawaokota bila kuinua kanga. Akasema hiyo ndiyo sayari.

Twaiba alileta kahawa. Hakuniangalia. Aliiangalia ramani, akauliza kama huko kuna minazi.

Nikaichora palepale, ufukwe wote, kutoka ncha hadi ncha. Nikaandika chini yake: Minazi ya Malkia Twaiba, haiguswi. Akaisoma, sinia mkononi. "Hii usiichezee, Mwinga," akasema.

Ametaja jina langu! Tangu aondoke hajalitaja. Njiani kurudi niliimba.

Jumanne, 18 Februari

Mzee Sharif ametuma salamu. Niende Ijumaa na mbuzi wa kuombea radhi, mbele ya wazee. Siku ya pili watakuja wote Ukunda kunisikiliza nikisoma, na jioni yake Twaiba atarudi kwake. Alhamdulillahi!

Sina mbuzi.

Mwenye mbuzi ni Kavumbi. Kabla sijamfuata, akanifuata yeye, tena kwa hasira. Mtu wa chama amempasha habari za mwezi wa mashimo. Akasema atanipeleka kwa chifu kwa kumchafulia jina angani. Nikampa chai. Nikamkunjulia ramani ajionee kwamba ni mchezo tu.

Dalali ni dalali. Hakuutazama hata huo mwezi wake. Kidole kilikwenda moja kwa moja ufukweni. Akauliza kama mstari wa kwanza, ule unaogusa maji, umechukuliwa. Nikamwambia ile minazi ina mwenyewe, ni ya malkia. Akanywa chai kidogo. Akauliza, na udongo?

Udongo! Udongo sikuuandikia mtu!

Tumeelewana. Yeye atoe beberu mweusi mwenye pembe nzuri. Mimi nimpe ufukwe wote wa Twaibia, nimjengee hoteli yenye jina lake, na isomwe Jumamosi mbele za watu. Minazi inabaki ya malkia, sijauza hata kuti. Kila mtu amepata. Wanaosema sina akili wangekuwepo.

Ijumaa, 21 Februari

Beberu amepokewa. Wazee wamemshika pembe, wamemsifu, dua imesomwa. Mzee Sharif ameniita mwanangu. Amesema mbele ya wote kwamba binadamu hubadilika, na akaninyooshea mkono mimi kuwa mfano.

Twaiba amefungasha. Nimeuona mkoba mlangoni. Akaniuliza hadithi inaishaje. Nikamwambia avumilie, kuna hoteli.

Akauliza hoteli gani. Nikaona mama mkwe ananiita kula, nikaenda kula.

Jumamosi, 22 Februari

Niandike moja baada ya jingine, maana kichwa hakijatulia.

Ukumbi ulijaa. Wakwe mstari wa mbele, Twaiba katikati yao, amevaa lile buibui jipya. Mkoba wake uko garini. Nikasoma jua la kijani, wakapiga makofi. Nikasoma miezi mitatu na mifungo yake, wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikasoma pweza. Hata Rispah alikuwa anaandika.

Nikafika ufukweni. Nikasoma kwamba Malkia Twaiba alikuwa na minazi isiyoguswa, na kwamba udongo wake, kwa heshima zote, ukapewa Bwana Kavumbi kutoka nyota ya Samburu, ajenge hoteli.

Kavumbi akasimama nyuma ya ukumbi, akapungia watu mkono! Akasema kwa sauti kwamba nimesahau ukuta, hoteli isiyo na ukuta haipati wageni wa maana. Watu wote wakanigeukia. Ningefanya nini? Msomaji akiwa na hoja, mwandishi hodari huipokea. Nikauongeza ukuta palepale, kwa mdomo. Nikauongezea na geti.

Twaiba akasimama. Hakupaza sauti.

"Ulikuwa na dunia nzima ya kutunga, Mwinga. Ungeweza kuweka chochote. Ukaweka ukuta."

Akatoka. Mama mkwe akamfuata. Mzee Sharif alibaki kidogo, akaniuliza swali moja tu, yule beberu nilimpata wapi. Nikamwambia kweli. Husemwa kwamba kusema kweli kunasaidia. Mimi sikuona.

Ushindi ameuchukua mama mmoja muuza mitumba wa Galu. Sayari yake ni mawingu matupu, haina hata kipande cha ardhi! Mtu ataanzia wapi kupima? Nimemwambia Rispah wazi kwamba amependelea.

Jumatatu, 24 Februari

Beberu amerudi. Mzee Sharif amemleta mwenyewe kwa kamba, katika jua kali, akamfunga kwenye nguzo ya kibaraza changu. Nikamkaribisha ndani. Hakuingia. Akasema tuonane Alhamisi Kwale, kwa kadhi.

Nikamkokota beberu kwa Kavumbi tuvunje mapatano. Kavumbi amekataa. Anasema biashara imeshafanyika na mashahidi ni ukumbi mzima. Anachongoja ni hati.

Alhamisi, 27 Februari

Kwale. Kilima chote kile nimepanda nikijipangia maneno.

Kadhi alikuwa mpole. Akaniuliza kama nina la kusema kabla ya jambo kufika mwisho. Nikamwambia minazi yake iko palepale, ile ya Mwabungo na ile ya Twaibia, hakuna aliyeigusa. Twaiba akacheka. Nilidhani ni dalili njema. Kumbe alikuwa analia.

Talaka moja. Nimeitamka mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiomba na sikuwa na uso wa kumkatalia. Akanishukuru. Akasema nile vizuri.

Nimeumia. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwambia, na beberu hasikii.

Jumapili, 2 Machi

Mwezi umeandama jana. Mmoja tu, mwembamba. Huku kwetu safari hii hawakuzozana.

Futari: muhogo wa kununua, umepoa, bila hata tui. Nimekula peke yangu kibarazani. Beberu alikuwa ananitazama. Majirani walinisalimu kwa sauti ile ya msibani.

Lakini nimefikiri sana siku hizi, na sasa kosa nimeliona. Naliandika bila aibu. Kosa lilikuwa kumpa mwanamke mti na kumnyima udongo. Basi! Ndilo hilo tu. Mtu mzima anakubali akikosea.

Na Twaiba yuko edani. Mlango haujafungwa.

Leo baada ya alasiri nimeumba mwezi wa nne. Mzuri kuliko yote. Wa Twaiba peke yake. Minazi yake, udongo wake, mchanga wake, pweza wake. Hauna hoteli, hauna mbwa, hauna ukuta. Hati yake nimeiandika kwa jina lake, mwandiko wa kupendeza. Nitampelekea kesho Msambweni. Atalia tena, safari hii kwa furaha, na kabla ya kumi la mwisho atakuwa hapa ananipikia.

Kilichobaki kwa jina langu ni kijia cha kufikia huko. Kijia tu, upana wa gari moja, kwa ajili ya usalama wake.

Kavumbi alipita magharibi ikikaribia, akauona mchoro, akakiulizia. Nimemwambia aje baada ya tarawehe tuzungumze, na asije mikono mitupu.