Bajia Ndani ya Tanpura ya Ajji

Alhamisi, 19 Oktoba. Dharwad.

Ushindi! Nimeipata tanpura ya Ajji Ambakka kabla Nagaveni hajainusa. Nilimvizia Ajji kwenye kona ya duka la peda, vile vitamu vya maziwa, kisanduku chini ya kwapa, anaelekea ng'ambo ya barabara kwa huyo Nagaveni, mwanamke anayejiita fundi kama mimi. Nikamwambia Ajji kwamba Nagaveni amefunga duka kwa ajili ya sikukuu. (Hajafunga. Alikuwa mlangoni anakunywa chai. Bahati Ajji haoni mbali.)

Tanpura yenyewe ndiyo hicho kisanduku cha umeme, kinavuma sauti za nyuzi nne nyuma ya mwimbaji. Sauti ya uzi mmoja inakatika-katika. Ajji, bibi wa mtaa mzima, ana miaka sabini na tisa. Jumanne, sikukuu ya Dasara, anaimba ukumbini kwa mara ya mwisho. Wajukuu waliokuwa wakimpigia tanpura ya kweli, ya mbao na nyuzi, wamehamia Bengaluru. Bila kisanduku, haimbi. Alinieleza bila kulalamika, kama anayetaja siku ya soko.

Nikamwambia ni kazi ya saa moja, na sitaki chochote. Ila jina langu litangazwe jukwaani. Akasema kikiimba, litatangazwa mara mbili. Mara mbili! Na Nagaveni hukaa mstari wa mbele.

Ijumaa, 20 Oktoba.

Nimefungua. Waya mmoja umeachia kwenye bodi. Nikalehemu. Risasi nilitia ya kutosha, mimi si bahili. Kikaimba! Nyuzi zote nne!

Jumatatu ndiyo siku ya kuabudu vyombo vya kazi, lakini kufikia hapo kitakuwa kwa mwenyewe. Basi nimekibariki mapema. Wengine hupaka kidoti nje, juu ya kasha. Mambo ya juujuu. Kazi yangu iko ndani, na baraka nimeiweka ndani: manjano yaliyokorogwa kwa maji, na unga mwekundu katikati, juu ya bodi kabisa, palepale kwenye chipu nyeusi yenye miguu mingi. Ilipendeza. Skrubu zimepotea zote nne. Nimefunga kwa mpira, na jioni Ajji amekichukua.

Jumamosi, 21 Oktoba.

Ajji alifika kabla sijanawa uso. Anasema kisanduku kinateleza. Yeye yuko kwenye sauti yake, chenyewe kinashuka polepole kama mzee kwenye ngazi. Akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, umekitengeneza au umekilewesha?"

Uchunguzi. Nilishuku umeme wa mtaa, nikaweka betri. Kikateleza vilevile. Nikashuku hali ya hewa. Nikashuku jicho la Nagaveni, maana jana alipita akakitazama kuliko adabu inavyoruhusu. Mwishowe nikalehemu upya miguu yote ya chipu, kwa uangalifu mkubwa nisiguse manjano. Mabonge mawili ya risasi yamegusana. Si kitu, majirani hugusana.

Nikaongeza baraka. Kubwa zaidi safari hii, maana na hali ni mbaya zaidi.

Sasa kinalia kama mbuzi.

Jumapili, 22 Oktoba.

Mpango. Nimemtuma Rudrappa, muuza chai, akipeleke kwa Nagaveni na kudai ni cha mjomba wake wa Hubballi. Nilimfundisha maneno mara tano. Alirudi kabla chai yake haijachemka, kisanduku mkononi. Nagaveni alifungua mpira, akachungulia, akacheka mpaka akashika ukuta. Ujumbe wake: "Mwambie huyo mjomba wako Kallappa aje mwenyewe. Hizi bajia mpishi wake namjua."

Kanitaja kwa jina. Na bajia! Risasi yangu mimi!

Tena akasema vyombo vyake amekwisha kuviosha na kuvipanga mbele ya mungu mama Devi. Havigusi mpaka Jumanne asubuhi, baada ya ibada. Vyangu vilevile. Leo mtaa huu hata bisibisi ya kuazima hupati.

Jumatatu, 23 Oktoba.

Ajji aliniletea holige, chapati tamu za sikukuu, kwenye sahani. Hakuuliza habari ya kisanduku. Alisema tu kwamba amejaribu kuimba bila mvumo, sauti ikapotea njia chumbani. Kisipopona, atakaa na watazamaji. Sari ya kijani ataivaa hivyohivyo, imekwisha kupigwa pasi.

Nikaona haya. Haya ya kweli. Nikavuka barabara mwenyewe, kisanduku mkononi.

Vyombo vya Nagaveni vilikuwa vimevaa maua. Akachunguza kwa macho, kisha kwa pua. Akauliza nani kapika mchuzi humu ndani. Nikaeleza.

Kisha akasema manjano yenye maji, katikati ya miguu ya chipu, yanapitisha umeme pasipotakiwa. Ndiyo maana sauti inateleza. Na kila nilivyobariki ndivyo nilivyoharibu. Mbuzi ni zile bajia mbili zilizogusana. Akataka spiriti na mswaki. Mimi nikapinga: mswaki si chombo cha kazi? Tukamwita mama yake aamue. Mama akasema mswaki ni wa meno, sugueni mnyamaze. Ukatumika mswaki wangu.

Jumanne, 24 Oktoba. Dasara.

Baada ya ibada Nagaveni alipasha moto chuma chake cha kulehemu, akazitenganisha bajia kwa mguso mmoja. Mmoja tu. Nadhani alikuwa anajionyesha. Kisanduku kikavuma, kikatulia. Ajji akafumba macho, akaingia humo na sauti yake, hapohapo dukani, akatoka anatabasamu.

Jioni aliimba saa nzima ndani ya sari ya kijani. Sauti yake na mvumo vilikutana, sikujua tena kipi ni kipi. Nililia. Sioni aibu kuandika.

Halafu matangazo. Jina la Nagaveni, mara mbili. Na mwisho: "Pamoja na Kallappa, aliyekibeba."

Mlangoni Nagaveni akanipa majani ya mti wa banni, kama watu wanavyopeana leo kupatana na kuambiana tuwe kama dhahabu. Akasema, "Kaka, yameisha." Nikayapokea. Yameisha kweli. Sina kinyongo.

Ila nilisikia spika ya ukumbi inaguna. Nimemwambia katibu ni kazi ya saa moja na sitaki chochote, ila jina langu. Ataileta kesho. Kosa langu nimelifikiria kwa utulivu njia nzima ya kurudi nyumbani, na nimelijua. Ni yale maji. Safari hii manjano nakoroga kwa samli.