Mama Mkwe Kwenye Siti ya Nyuma

Walisema sitawahi kumiliki pikipiki yenye injini kubwa kuliko mashine ya kusaga mahindi. Leo nimeendesha mbili kwa siku moja. Na leo hiyo hiyo nimeaibika, ndugu zangu, vibaya sana.

Mnanijua. Mimi ni Okello, mtoto wa kambi. Vita vya 1986 vilipokwisha, baba alibaki mwanajeshi asiye na jeshi, tukavuka kwenda Kenya na magunia mawili. Shangazi zangu waliobaki Kampala wakasema, "Huyu akirudi, atarudi akisukuma toroli." Nimerudi na stashahada ya ufundi wa magari (ile ile mliyoipata ninyi kwa kunakili kazi zangu). Nina karakana yangu, nina mafundi wanne, na sasa nataka kuanzisha kazi ya kuwaongoza wageni kwa pikipiki, kutoka Kampala hadi Kisoro na kurudi. Mimi mbele, wao nyuma, tunapungiwa mikono na watoto barabara nzima.

Tatizo lilikuwa moja: nipande pikipiki gani?

Haji Musa anauza pikipiki zilizotumika pale Old Kampala, nyuma ya yale maduka ya zamani. Anazo mbili zilizoninyima usingizi. Ya kwanza ni ndefu, ina pua kama mdomo wa bata, maboksi ya bati pembeni, na matairi ya kutafuna murram, zile barabara za udongo mwekundu. Ukiikalia unaona paa za nyumba za watu. Ya pili ni ya chini na pana. Ina kioo kikubwa cha upepo, vibao vya kupumzishia miguu, na siti ya nyuma yenye mgongo wa kuegemea. Kochi kabisa! Kwa lami ya Masaka, hiyo ya pili unasafiri huku unasinzia. Kwa milima ya Kisoro, bila ile ndefu utasukuma.

Nilichora jedwali. Nikapima, nikafuta, nikachora jingine. Wiki mbili zikaisha. Mchumba wangu Namuli akachoka.

"Okello, mimi ulinichagua kwa siku moja."

"Wewe hukuwa wa aina mbili," nikamjibu.

(Jibu hilo lilinifanya nipige simu siku tatu bila kupokelewa.)

Basi leo Haji akaniambia, "Injinia, zijaribu zote, unipe jibu kabla ya adhuhuri. Lakini acha dhamana." Nikamwachia stashahada yangu. Ile halisi. (Ndiyo, huwa natembea nayo.) Haji akaisoma, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu kingine.

"Hii itanifaa nini ukitoroka?"

"Haji, mtu mwenye hii hatoroki."

Nikaanza na ile ndefu. Injini tamu. Siti ngumu kama benchi la kanisani. Na miguu yangu, hapo sasa! Mungu alinipa akili, urefu akawagawia wengine. Kwenye njia panda ya kwanza nilisimama kwa ncha ya kidole gumba cha mguu mmoja, na mkono mmoja nimeshika meza ya muuza chapati.

"Ssebo," akaniita, yaani bwana, "unanunua au unaegemea?"

Nikanunua mbili. Nikageuza pikipiki, nikairudisha kwa Haji, nikapanda ile ya chini.

Hapo nikajiona mwanaume. Nyayo zote mbili chini! Mlio kama wa mchungaji mnene akisafisha koo. Nikateremka nayo hadi Wandegeya ili wanafunzi wa chuo wanione. (Hakukuwa na sababu nyingine.) Vijana wa boda wakapiga miluzi: "Mzee, umetoka na sebule ya nani?" Mimi kifua mbele, kioo cha helmeti nimekifunga. Taa ikawaka nyekundu. Nikasimama kando kabisa, karibu na watu wanaosubiri kuvuka.

Pikipiki ikazama nyuma. Mtu amekaa!

"Lubaga, ssebo," sauti ya mama ikasema kwa Kiganda. "Karibu na kanisa kuu. Na usinikimbize."

Kampala, chochote chenye magurudumu mawili kikisimama ni boda. Sikumlaumu. Nikaangalia kwenye kioo cha pembeni ili nimweleze kwa heshima kwamba amekosea. Nikaona gomesi ya kijani, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Kiganda. Nikaona miwani. Nikamwona mama yake Namuli.

Kwa msiojua: kwa Waganda, mkwe na mama mkwe hawagusani kabisa. Hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, hawali pamoja, hata kuongea ni kupitia mtu wa tatu. Ukimgusa, wanasema mikono yako itakuja kutetemeka mpaka kikombe kimwage chai. Na Jumamosi hii ndiyo kwanjula yetu, siku ya Namuli kunitambulisha rasmi kwao. Mimi si Mganda. Mimi ni mtoto wa mwanajeshi kutoka kaskazini. Kuna wajomba wanaotafuta sababu moja tu ya kuvunja shughuli. Na sasa sababu yenyewe imekaa kwenye siti yangu ya nyuma.

Niseme nini? Sauti yangu anaijua, huisikia kwenye simu ya Namuli. Nishuke? Kwenye pikipiki ile, kushuka ni kuzungusha mguu nyuma. Kiatu changu kingepita usoni mwake! Nikabaki pale kama sanamu. Taa ikageuka kijani. Askari wa barabarani akanijia na Kiswahili chake cha Kampala.

"Wewe boda! Pikipiki mukubwa hivi, unalala hapa? Mama amekaa vizuri, enda!"

Nikaenda.

Nashukuru alikuwa na mkoba mkubwa. Aliuweka katikati yetu, yeye akashika vyuma vya nyuma. Tukapanda kilima cha Makerere bila kugusana hata uzi. Nikaanza kupumua. Hapo ndipo na yeye akaanza kuongea.

"Unaendesha vizuri. Wengine wanapiga kelele sana."

"Mmm," nikajibu. (Kiganda kina baraka hii: unaweza kusalimia mtaa mzima kwa kuguna.)

"Jumamosi binti yangu ananiletea mwanaume."

"Mmm."

"Anaongea, huyo! Ukimuuliza saa, anakutajia stashahada."

Nikapaliwa.

"Kikohozi hicho, chemsha tangawizi. Na nasikia ana wiki mbili hajui achague pikipiki gani. Ukimtuma ndizi sokoni, si atalala huko huko?"

"Mmm."

Tukafika Nakulabye. Joto la injini likanichoma paja, lakini nani anasikia paja?

"Kaka zangu hawamtaki," akaendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Wanasema si wa kwetu, hatamtunza. Mimi nilikuwa sijui niseme nini. Lakini Namuli alipolazwa na malaria, yule kijana alikaa nje ya wodi siku tatu. Kwenye benchi. Hakumwambia mtu yeyote amesomea wapi. Hapo ndipo nilimpenda. Kwa nini asiwe hivyo kila siku?"

Ndugu zangu! Niliona barabara imefanya ukungu, nikafuta kioo cha helmeti kwa nje. Ukungu ulikuwa ndani.

"Sasa nimetoka kuchapisha kadi za mwaliko. Zimo humu mkobani. Nikifika nyumbani nizigawe, au nimwambie mzee tusubiri kwanza? Wewe kijana, ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"EEEE!"

"Eee nizigawe, au eee tusubiri?"

Jaribuni ninyi kulijibu swali hilo kwa kuguna! Nikapiga honi. Mara tatu. Kuku watatu wakaacha barabara na mwendesha baiskeli akanitukana mababu. Nyuma yangu nikasikia mama anacheka.

Tukafika getini kwao. Pale njia ina mteremko mkali. Akashuka salama, bila kunigusa. Akafungua pochi kunilipa. Mkono kwa mkono? Haiwezekani! Nikaonyesha tangi kwa kidole. Akaiweka noti juu ya tangi. Nikasema moyoni: Okello, umepona, ondoka.

Geti likafunguka. Akatoka Namuli, na nyuma yake Senga, yule shangazi yake anayesimamia mambo yote ya ndoa.

"Okello! Unafanya nini hapa na Mama?"

Nikashtuka, nikageuza usukani mteremkoni. Kibao cha miguu kikakwaruza tuta. Na pikipiki ile ya chini, nzito kama ng'ombe mwenye mimba, ikaanza kulala. Taratibu. Nilikuwa na muda wa kuyafikiria maisha yangu yote. Ikalala mtaroni, nami nikalala nayo, mguu mmoja juu, noti imenata kwenye kioo cha helmeti.

Namuli akapiga ukelele. Majirani wakatoka. Mafundi waliokuwa wanajenga ukuta wa nyumba ya pili wakakaa juu ya tofali ili waone vizuri. Na mama mkwe? Hawezi kunigusa, hawezi kunitazama, hawezi hata kuniambia neno. Akanigeuzia mgongo, akaangalia ukuta kwa heshima kubwa, akasema:

"Senga, mwambie mkwe wetu azime injini."

Mkwe wetu!

Senga akachutama karibu na sikio langu. "Mkwe, Mama anasema uzime injini."

Nikazima.

"Senga, muulize kama ameumia."

"Mkwe, umeumia?"

"Hapana," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza tangu Wandegeya. "Senga, muulize... alinijua tangu lini?"

Senga hakuhitaji kuuliza. Alinishika bega, akanigeuza kidogo, akasoma mgongo wa jaketi langu kwa sauti ambayo wajenzi wote walisikia: "INJINIA OKELLO. MWENYE STASHAHADA."

(Herufi za ukubwa wa sahani. Nilizichapisha mwenyewe. Msiniulize.)

Mama akauambia ukuta, "Nilipokaa sikumjua. Nikainua macho, jina lile hapa puani. Taa imeshageuka kijani, askari anafoka, ningeruka? Nikaweka mkoba. Halafu nikajiambia, mila imeninyima kuongea na huyu mtoto, na leo hawezi kunijibu. Nafasi hii nitaipata wapi tena?"

Namuli alicheka mpaka akakaa chini. Wajenzi wakaruka ukuta kuinua pikipiki. Ilihitaji watu watano.

Nikaanza kumuuliza Senga kuhusu kadi, nikaona haina haja. Mama alikuwa ameshafungua mkoba. Kadi ya kwanza akampa jirani. Ya pili akampa yule mwendesha baiskeli, ambaye alikuwa amenifuata hadi pale kuendeleza matusi. Akaipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama kutakuwa na pilau.

Nikairudisha pikipiki kwa Haji saa saba, nikichechemea. Alikuwa anajipepea na stashahada yangu. Akaizunguka pikipiki mara moja, akaona mkwaruzo wa kibao cha miguu, akatabasamu kama mtu aliyemaliza kusali.

"Hongera, Injinia. Umechagua."

Ndiyo hivyo. Majedwali yote mawili nimeyachana. Wageni wa Kisoro watazunguka kwa njia ya lami.

Namuli amenipigia sasa hivi. Kadi zimekwisha, Mama ameagiza nyingine, maana wanawake wote wa jumuiya yake wanataka kuja kumwona boda anayejibu kwa honi. Ninyi pia mnakaribishwa Jumamosi. Ila mkinikuta nimepiga magoti kwenye mkeka, kanzu nyeupe, mpole kuliko siku zote, nawaomba kitu kimoja: chekeni mkifika barabarani.