Masharti ya Jiwe la Mgongo

Bagula alifika Louisville akitokea Columbus na sanduku moja, suti mbili na ulimi usiojua likizo. Kule Columbus aliuza maji ya kufaulu mtihani wa leseni ya udereva, na kwa kuwa wanywaji wote walifeli, aliona hali ya hewa ya mji ule haimfai tena.

Jumapili yake ya kwanza kanisani, mtaani Iroquois, mchungaji alisema, "Tusimame tuombe." Waumini wakasimama, na Bagula akasikia sauti tamu kuliko kwaya: "Aïe! Yesu! Mugongo!" Nusu ya kanisa lile hunyanyua makatoni kwenye maghala ya Okolona, na nusu nyingine hunyanyua wazee wa watu kwenye nyumba za kutunzia wazee. Bagula akatazama mikono iliyoshika viuno. Akina mama thelathini na wawili! Hakika Mungu hamtupi mja wake.

Baada ya ibada alimwendea Mama Kavugho, mjane aliyesimama kwa kuegemea ukuta.

"Mama, mugongo inakuumiza tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu, baba. Chef wa kazi alinipatia mwezi moja ya kazi nyepesi, kubandika makaratasi tu. Ikiisha, nibebe makartoni ao nirudie ku nyumba. Na niko na batoto batatu."

Bagula alisikitika kwa ustadi mkubwa. Kisha akatoa mfukoni jiwe jeusi, laini, aina ile inayouzwa kwa magunia kupambia bustani.

"Bon. Hii ni jiwe ya Idjwi, ilitoka chini ya ziwa Kivu. Unaifunga ku kiuno na kitambaa. Hakuna kidonge, hakuna sindano."

"Ni dola ngapi?"

"Aaa, mama! Jiwe ya bankambo, babu zetu, haiguse dola. Kikwembe moja tu. Yadi sita, super."

Tapeli mwenye akili hapokei kitu chenye namba. Kitenge hakina risiti, na huko Buffalo, kwa binamu yake, kingepata mnunuzi bila maswali.

"Nikichukua mawe mbili, nitapona mbio?" aliuliza Mama Kavugho, maana naye hakuwa malaika.

"Apana, yatagombana. Lakini jiwe iko na masharti." Hapa Bagula alikuwa akijitengenezea mlango wa nyuma, ili jiwe lisipoponya, kosa liwe la mgonjwa. "Kila asubuhi unatembea nusu saa mu parc. Usikae ku kiti muda murefu bila kuamka. Ukibeba kintu, unapiga magoti, unaikumbatia ku kifua; jiwe haipende kuinamishwa. Ukilala ubavu, muto katikati ya magoti. Mbele ya kuamka, unavuta goti moja ku kifua, kisha ingine. Ukivunja sharti moja, jiwe inakasirika."

Alikuwa na hakika kwamba hakuna mama wa Kivu atakayetembea bustanini asubuhi bila pa kwenda. Alikosea. Aliyetoa kitenge cha yadi sita hachezi na masharti. Wiki ile ile Iroquois Park ilijaa akina mama wakizunguka kwa hatua ndefu, mawe viunoni, wakikemeana kwa kukaa kwenye mabenchi. Wiki ya tatu Mama Kavugho alinyanyua katoni mbele ya chef wake, magoti yamekunjwa, uso unacheka, akarudishiwa kazi yake. Jumapili ushuhuda ulifuata ushuhuda, na sanduku la Bagula likavimba kwa vitenge.

Kisha Chimène, binti mkubwa wa Mama Kavugho, alinyanyua sufuria mezani na kukuta chini yake karatasi ambayo mama yake alipewa kliniki siku ya kwanza kuumwa. Ilikuwa na picha: mtu anatembea, mtu anapiga magoti mbele ya boksi, mtu amelala na mto katikati ya magoti.

"Mom, it's the same thing," alisema Chimène.

Yote yalikuwamo, isipokuwa jiwe. Mama Kavugho alicheka hadi akakaa chini. Halafu akakumbuka kitenge alichotoa, kile alichopewa na marehemu mama yake siku ya kuagana kwenye kambi ya wakimbizi, na kicheko kikamkauka. Aliumia, akaona aibu, akakasirika, kwa mpangilio huo.

"Tuite polisi?" aliuliza Laurentine, kiongozi wa kwaya, alipoonyeshwa karatasi ile.

"Utaambia polisi nini? Kama ulinunua jiwe? Apana. Tutaenda kumushukuru."

Kwetu shukrani haipigiwi simu. Watu huenda kwa kundi, bila taarifa, wakiimba, na zawadi mikononi. "Mutu wa haki akiona bageni, anafungua mulango wa mbele," alisema Mama Kavugho. "Huyu tutaona atafungua gani." Akachagua zawadi: michi ya kutwangia sombe, yaani kisamvu.

Jumamosi mchana Bagula alisogeza pazia, akaona akina mama thelathini na wawili wamevaa sare, kila mmoja na mchi begani. Waliimba wimbo wa furaha kabisa, lakini mtu mwenye dhambi za Bagula hasikilizi maneno ya wimbo. Alirukia sanduku, akainama, miguu imenyooka, akavuta kwa nguvu zake zote.

"Kha!"

Kiuno kikagoma. Akaliacha sanduku, akatoka kwa mlango wa nyuma amepinda, akapanda basi la Buffalo. Akina mama walikuta nyumba wazi. Kila mmoja akachukua kitenge chake, isipokuwa Laurentine, ambaye chake Bagula alikuwa amekwisha kukibadilisha kwa viatu.

Siku mbili baadaye, Bagula alipiga simu akiwa amelala sakafuni kwa binamu yake Nshombo, mtaani Kensington-Bailey.

"Mama Kavugho, sanduku yangu iko?"

"Iko, baba, tupu! Tulikuja kukushukuru, tukakukosa. Tulikuwa na mbuzi ya kuchoma. Tulikula sisi."

Bagula akafumba macho. "Mama, niko huku Buffalo, siwezi kuamka. Mugongo."

"Pole sana. Si ufunge jiwe?"

"Weye unajua jiwe haifanye kintu! Nilinunuaka gunia ku duka ya maua. Na masharti nilionaka ku ukuta ya klinik!"

"Asante, baba. Simu imekamata sauti yako yote. Nani mchungaji wa kule Buffalo, nimutumie?"

Bagula akajaribu kuketi, kiuno kikamrudisha sakafuni.

"Donc... munataka nini?"

"Kikwembe ya Laurentine. Yadi sita, super. Na usiende na gari. Ukilala siku muzima, kiuno itakauka."

Nshombo alikuwa kazini na gari lake, kwa hiyo hakukuwa na la kuchagua. Bagula alishuka Bailey Avenue kwa miguu, pole pole, mkono kiunoni, hadi duka la Waafrika. Huko alinunua kitenge kwa bei kamili, mara ya kwanza maishani mwake, akaomba na risiti. Alipokuwa akisubiri chenji aligundua kwamba amesimama wima na maumivu yamepungua. Jambo hilo lilimuuma kuliko mgongo.