Marehemu Aliyeipandisha Asali ya Mutafov

Ventsi Karadzhov alipomsikia Dobri Mutafov akimtukana shemeji yake kwenye foleni ya mikate, alijua kwamba baridi ya mwaka ule haitamkuta nje. Mwenye nyumba wake alikuwa amekwisha kumwambia ahame kabla ya theluji ya kwanza, na hapa Gabrovo, katika milima ya Bulgaria, theluji haimngoji mtu afungashe. Mutafov alikuwa na duka la asali karibu na daraja, na juu ya duka chumba kitupu chenye jiko la kuni. Mtu mwenye chumba kitupu na hasira mbichi ni shamba lililokwisha kulimwa. Kilichobaki ni kupanda.

Hasira yenyewe ilikuwa ya tovuti. Mutafov alikuwa amefungua tovuti ya asali yake, lakini mtu akitafuta asali ya Gabrovo mtandaoni, anayetokea juu ni shemeji, muuza asali mwenzake, kisha shemeji tena, kisha mfuga kondoo mmoja. Mutafov hakuonekana hata ukishuka mpaka mkiani.

"Tovuti yako ni bwana harusi asiye na ukoo," Ventsi alimwambia kwa upole wa tabibu. "Mtandao unauliza, nani anamjua huyu? Tovuti za wenzako zisipokutaja na kuweka kiungo, yale maneno ya kubonyeza yanayomleta msomaji kwako, basi wewe bado hujazaliwa."

"Na hivyo viungo vinauzwa wapi?"

"Vinavyouzwa ni vya magenge, mzee wangu. Mtandao ukivinusa unakuzika. Mimi nitakuletea vya watu wa heshima: gazeti la mji, kanisa, jumba la utamaduni."

Mutafov ni mtu anayefungua friji na kuifunga upesi ili taa ya ndani isipate nafasi ya kula umeme. Habari za kulipa hakutaka kuzisikia. Ndipo Ventsi, kwa uso wa mtu anayejidhulumu, akakubali kulipwa kile chumba cha juu mpaka miti ichipue. Sharti la Mutafov lilikuwa moja: ufunguo utatoka baada ya kumpita shemeji, si kabla.

Kwa kweli Ventsi hakumjua mtu hata mmoja gazetini, na kanisani alijulikana vibaya. Aliandika barua pepe tamu kuliko asali yenyewe, hazikujibiwa. Kisha asubuhi moja, akisubiri basi, macho yake yakatua kwenye nguzo ya taa.

Sisi huku mtu akifa tunambandika. Tanzia yake na picha yake huwekwa mlangoni, kwenye nguzo, kwenye mti ulio mbele ya nyumba. Arobaini ikifika tunambandika tena, nusu mwaka tena, mwaka tena, mpaka karatasi zinapandana kama magamba ya samaki. Siku hizi tunambandika hata mtandaoni. Na hajazaliwa mhariri, padri wala katibu wa chama atakayemwambia mfiwa: marehemu wako hapana.

Ndivyo alivyozaliwa, akiwa maiti tayari, Mzee Sabi Nenov, mfuga nyuki. Picha yake, mwenye masharubu na huruma, ilitoka kwenye soko la vitu vikuukuu. Tanzia ilisema kwamba asali yake inaendelea kuishi dukani kwa Mutafov, na anayetaka kusoma maisha yake abonyeze hapa.

Gazeti likaitoa. Kanisa likaitoa na kuongeza sala. Klabu ya mpira iliandika kwamba kipa wake wa zamani anaikumbuka asali ile iliyogawiwa wakati wa mapumziko. Chama cha walimu wastaafu kilimkumbuka kama mwanafunzi msikivu, dhaifu kidogo katika hesabu. Bibi mmoja wa kwaya aliandika kwamba Sabi aliwahi kumbusu mwaka wa mafuriko. Mji mzima ulimkumbuka mtu ambaye hakuwahi kuwapo, na kila aliyemkumbuka aliweka kiungo. Majani yalipomalizika mitini, Mutafov alikuwa juu ya shemeji.

Mutafov naye alianza kumkumbuka. Alitundika picha dukani na kusimulia jinsi mzee alivyomfundisha kazi, yeye anayenunua asali kwa mapipa na kuirefusha kwa shira. Akamtaka Ventsi aongeze kwenye tovuti kwamba mzee aliishi chumba cha juu, na kwamba chumba kimetunzwa vilevile alivyokiacha. Wageni hupenda mambo hayo. Ventsi aliandika vizuri mno. Ufunguo, Mutafov alisema, atapewa arobaini ikipita.

Arobaini ilikuja na watu. Walileta maua kwa idadi shufwa, kama inavyompasa marehemu, na wakauliza iko wapi ngano tamu inayogawiwa kwa ajili ya marehemu. Mutafov akalazimika kuchemsha ngano na kuinyunyizia sukari, na kila kijiko kilichotoka kilimtoa machozi ambayo watu waliyasifu. Fundi cherehani mmoja alisimama mbele ya picha, kofia mkononi, kwa muda mrefu kuliko wote. Alisema wazi kwamba hakumjua Sabi. Ila tanzia ya mke wake mvua imeichukua, naye alitaka mahali pa kusimama.

Ndipo akaingia mwanamke wa makamo, mwenye nguo nyeusi, sanduku kubwa mkononi. Akaibusu picha. Alijitaja: Tsonka, mjane wa Sabi. Walitengana kwa ukaidi, si kwa sheria. Amesoma kwenye tovuti ya kanisa, akabonyeza, akaona chumba kimetunzwa. Amekuja kukaa.

Ventsi akamvuta kando, nyuma ya rafu ya mitungi. "Mama, mimi na wewe tunajua kwamba mzee huyu hakuwa na mke."

"Watangazie, basi. Na uwaeleze kwa nini hakuwa naye."

Ventsi akawachungulia watu kupitia katikati ya mitungi.

"Mwanangu," Tsonka alisema, akimfuta vumbi begani, "mimi nimezika waume watatu, na wawili kati yao hawakuwahi kuzaliwa. Wewe ndiyo kwanza una mmoja. Kazi nzuri, hata hivyo. Nibebee sanduku."

Mutafov angeweza kumfukuza. Lakini mhariri wa gazeti alikuwa akipiga picha, na yule kipa alikwisha kumtambua mjane: alicheza ngoma kwenye harusi yao. Kumkana mke ni kumkana mume, na mume akiondoka, shemeji anapanda. Mutafov akatoa ufunguo kwenye aproni. Mkono wa Ventsi ulikuwa umenyooka tayari. Ufunguo ukapita juu yake.

"Tulipatana chumba," Ventsi alimnong'oneza.

"Tulipatana chumba kitupu," Mutafov akasema. "Hiki kina mwenyewe. Si wewe uliyeandika?"

Ventsi alipandisha sanduku, likiwa zito kama dhambi za watu wawili, akashuka. Nje theluji ilikuwa imeanza, na bomba la juu ya paa lilikuwa likitoa moshi. Mama mmoja mwenye maua mawili alimsimamisha mlangoni.

"Samahani, kijana. Kwa mjane wa Mzee Sabi ni wapi?"

Ventsi akapandisha kola ya koti. "Panda ngazi, mama. Mlango wa kushoto."

Nyuma yake alikuja mwingine. Akamwelekeza naye, na wa nyuma yake, bure kabisa.