Kikombe cha Abu Daifallah

Jumapili, 2 Novemba. Ukungu umefunika mji wetu wa Karak mzima, ngome haionekani. Mafunzo yameanza wodini: tiba ya mazungumzo kwa wagonjwa wanaosikia sauti au kuamini wanawindwa. Daktari Shahira, mkufunzi, kasema tusibishane na mgonjwa. Tumuulize, kisha tupime pamoja naye anachoamini. Rahisi mno! Jumanne kila muuguzi atazungumza na mgonjwa mbele yake, na mmoja wetu atafanywa msimamizi. Nimeshampigia mama simu kumwambia kwamba nimechaguliwa. Tofauti ni siku chache tu.

Jumatatu, 3 Novemba. Jua. Nimemchukua Abu Daifallah, anayeamini jirani yake humtilia sumu kwenye kahawa. Mpango wangu: nimpikie kahawa ya iliki, nitangulie kunywa, anywe, apone. Mbele ya daktari! Muuguzi mwenzangu Itaf kaniuliza kama nimemsikiliza mzee anataka nini. Nikamjibu, dada, kakunje mashuka. Wivu ule!

Jumanne, 4 Novemba. Upepo. Nikamimina. Nikanywa. Nikampa. Mzee akapokea, akakiweka kikombe chini mbele yake, akanitazama. Nikamwambia, baba, kunywa, haina sumu! Nikanywa cha pili. Cha tatu. Nikamgeukia daktari, nikafafanua kwa sauti ya mhadhara: hivi ndivyo hofu ya sumu inavyoonekana.

Itaf akamwinamia. “Una haja gani, baba? Sema, unywe kahawa yako.”

Mzee akachangamka: “Afadhali! Nilidhani humu hakuna aliyelelewa!” Anataka ruhusa ya kutoka, Ijumaa ni posa ya mjukuu wake. Daktari akakubali. Mzee akanywa yote, akatangaza kwamba sumu haina, ila imeungua.

Na mimi ni binti wa Karak, ambako mwenye haja hanywi kahawa kabla ya kukubaliwa! Kwenye posa ya dada yangu wakwe waliacha kahawa ipoe hivyohivyo mpaka baba alipowakubalia.

Jumatano, 5 Novemba. Mvua. Itaf ndiye msimamizi. Daktari kaniambia niliuona ugonjwa, mtu sikumwona. Kwa maneno mengine, jicho langu la ugonjwa ni kali. Halafu kahawa aliipika nani? Bila mimi Itaf angeng'aa wapi? Mama nimemwambia Itaf ni msaidizi wangu.

Kesho namaliza kazi. Nimeandika kurasa tatu za hoja kwamba jirani hana kosa. Nitamsomea Abu Daifallah zote, moja baada ya nyingine, mpaka asalimu amri.

Sasa ni saa tano kasoro robo usiku, nalala usingizi wa mshindi.